Mwanga Uliofichwa ndani ya Kaseti ya Eksirei

Ndani ya kaseti ya filamu ya eksirei hukaa mabamba mawili membamba, meupe na laini, ambayo mgonjwa hayaoni kamwe. Mtu asiyeijua kazi hii anaweza kuyadhania kuwa ni pedi za kuikinga filamu isikwaruzwe. Kumbe hayo ndiyo skrini za kuongeza mwanga, na picha ambayo daktari huitazama mbele ya taa huwa imechorwa na mwanga wake zaidi kuliko na eksirei zenyewe. Anayeielewa kazi yake huelewa pia jinsi dozi ya mionzi ilivyoweza kupunguzwa kwa kiasi kikubwa, na jinsi uzembe mdogo katika kuyatunza unavyoweza kumrudisha mgonjwa mezani kupigwa picha ya pili.

Chanzo cha jambo hili ni udhaifu wa filamu. Eksirei zina nguvu ya kupenya, na nguvu hiyo hiyo inayoziwezesha kuvuka misuli na mifupa huziwezesha kuivuka filamu bila kuacha alama. Utando wa filamu wenye chembe za chumvi ya fedha hunasa takriban asilimia 1 tu ya eksirei zinazoufikia. Zilizobaki hupita bure. Mgonjwa huwa amekwisha kuzipokea mwilini, lakini hazikuchangia chochote katika picha. Ili filamu peke yake iwe nyeusi inavyotakiwa, hapana budi kuongeza mionzi na kurefusha muda.

Tatizo hilo lilijitokeza mapema mno. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895. Mnamo Februari 1896, Michael Pupin, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, alipelekewa mwanasheria mmoja aliyejeruhiwa mkononi kwa bunduki, chembe nyingi ndogondogo za risasi zikiwa zimebaki ndani ya nyama. Daktari wa upasuaji alitaka kujua zilipo. Kwa vifaa vya wakati ule, mkono ulipaswa kutulia kwa muda mrefu, na mgonjwa, kwa maumivu na udhaifu, hakuweza. Pupin alikuwa na skrini ing'aayo aliyopelekewa na mvumbuzi Thomas Edison. Aliilaza juu ya bamba la picha, akauweka mkono juu yake, akawasha mtambo kwa sekunde chache tu. Mifupa na risasi vilionekana dhahiri, na daktari akafanya upasuaji wake kwa mafanikio. Skrini ya kwanza, basi, ilizaliwa kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kuvumilia.

Mwaka huo huo Edison, baada ya kujaribu kemikali nyingi, alibaini kuwa tangsteti ya kalsiamu hung'aa vizuri ipigwapo na eksirei. Kemikali hiyo ikawa msingi wa skrini hadi miaka ya 1970. Lakini utafiti huo ulikuwa na gharama yake. Clarence Dally, msaidizi wa Edison aliyeishika mitambo hiyo siku baada ya siku bila kinga, aliungua mikono, akapata saratani, akakatwa viungo, na hatimaye akafariki mwaka 1904. Edison aliacha kabisa kazi ya eksirei. Tangu hapo haikuwezekana tena kusema kwamba mionzi ya ziada haina madhara.

Je, skrini hufanyaje kazi? Chini kabisa kuna kitako cha plastiki au kadibodi ngumu kinachoishikilia. Juu yake kuna tabaka jeupe linalorudisha mwanga upande wa filamu. Kisha linafuata tabaka lenye kazi yenyewe, yaani fuwele za kemikali ing'aayo iitwayo fosfa, zilizochanganywa na gundi. Juu ya yote kuna utando mwembamba wa kuzikinga na mikwaruzo. Fuwele hizo hutengenezwa kwa elementi nzito, ambazo huzinasa eksirei kwa urahisi zaidi kuliko filamu. Kila eksirei inayonaswa huiachia fuwele nishati yake, nayo fuwele huitoa kwa sura ya mwanga wa kawaida. Eksirei moja huweza kuzaa mamia ya chembe za mwanga, na filamu huathiriwa na mwanga kwa wepesi sana. Filamu ikiwekwa katikati ya skrini mbili, zaidi ya asilimia 95 ya weusi wake hutokana na mwanga huo.

Hatua kubwa iliyofuata ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilipoanza kutumika fosfa za elementi adimu kama gadoliniamu na lanthanamu. Tangsteti ya kalsiamu hugeuza takriban asilimia 5 ya nishati inayoinasa kuwa mwanga; fosfa mpya hufikia asilimia 15 hadi 20, na aghalabu hunasa eksirei nyingi zaidi. Wataalamu hupima uwezo huu kwa namba ya kasi. Filamu na skrini zenye kasi ya 400 huhitaji robo tu ya mionzi inayohitajiwa na zenye kasi ya 100. Kwa mama mjamzito ambaye picha yake haiwezi kuahirishwa, au kwa mtoto anayefuatiliwa kwa picha nyingi, tofauti hiyo si ndogo.

Hata hivyo, faida hiyo hulipiwa. Mwanga unaozaliwa ndani ya fuwele hausafiri kwa mstari mmoja. Husambaa pande zote kabla ya kuifikia filamu, na ukingo wa mfupa hupoteza kiasi cha ukali wake. Kadiri tabaka la fosfa linavyokuwa nene na fuwele zake kubwa, ndivyo kasi inavyoongezeka na ndivyo picha inavyofifia. Kwa hiyo mtaalamu wa mionzi huchagua: kwa ufa mwembamba wa mfupa wa kidole hutumia skrini ya kasi ndogo, kwa uti wa mgongo au tumbo hutumia ya kasi kubwa. Nazo filamu ndogo zinazowekwa kinywani kupiga picha ya meno hazitumii skrini kabisa. Lakini kufifia huku kuna upande wake wa pili. Mtoto anayelia na kuhema hatulii, na picha iliyopigwa kwa muda mfupi kwa msaada wa skrini mara nyingi huwa kali kuliko ile iliyopigwa kwa muda mrefu bila skrini.

Rangi nayo ina amri yake. Tangsteti ya kalsiamu hutoa mwanga wa buluu, ilhali fosfa ya gadoliniamu iliyotiwa terbiamu hutoa wa kijani. Filamu iliyotengenezwa kuona buluu pekee, ikiwekwa kwenye skrini ya kijani, hutoa picha iliyopauka. Na mtumishi asiyejua sababu huongeza mionzi. Vivyo hivyo, filamu ya kijani huhitaji taa nyekundu katika chumba cha giza, kwa kuwa taa ya rangi ya kahawia-manjano iliyofaa filamu ya buluu huweza kuiharibu.

Adui mkubwa kuliko wote ni vumbi. Chembe iliyotua juu ya skrini huziba mwanga, na mahali hapo filamu hubaki na doa jeupe. Kwenye picha ya kifua, doa hilo laweza kudhaniwa kuwa kovu gumu la kifua kikuu cha zamani. Kwenye picha ya mkono, kipande cha chuma. Mgonjwa huogopeshwa bure, au hupigwa picha nyingine. Ndiyo maana katika vituo makini kila skrini huandikwa namba ndogo ukingoni, ambayo hutokea kwenye kila picha. Doa likionekana mahali palepale kwa wagonjwa watatu tofauti, namba ikawa moja, mwenye kosa amepatikana, na si pafu la mtu.

Tiba yake ni rahisi: kitambaa laini kisichoacha nyuzi, dawa iliyopendekezwa na mtengenezaji, na kaseti kuachwa wazi mpaka ikauke kabisa. Aidha, kaseti iliyopinda au yenye kitasa kilicholegea huiacha filamu mbali na skrini, na sehemu hiyo ya picha hufifia. Wavu wa waya ukilazwa juu ya kaseti na kupigwa picha, macho yake yaliyofifia huonyesha mahali penye kasoro.

Mitambo ya kidijitali imeiondoa filamu katika hospitali nyingi, lakini haikuiondoa kanuni hii. Mingi kati yake bado ina tabaka la fosfa linalogeuza eksirei kuwa mwanga kabla mwanga haujageuzwa kuwa umeme na kisha picha. Na pale filamu inapoendelea kutumika, dakika chache za kusafisha skrini asubuhi ni sehemu ya kumkinga mgonjwa na mionzi, sawa na vazi la risasi analofunikwa nalo.