Kijana na Mapanja Yanayopanda



Wiki chache zilizopita, baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja alitungojea nje ya msikiti akiwa na mwanawe wa miaka ishirini na minne. "Maalim," akasema, "huyu ameshaposa, posa imejibiwa na siku ya nikahi imewekwa. Sasa ataka iahirishwe. Muulize sababu." Kijana akavua kofia. Nywele zilikuwa zimerudi nyuma pande zote mbili za paji la uso, katikati pamebaki ulimi mdogo. Mfukoni alikuwa na chupa ya mafuta isiyo na jina la mtengenezaji, pamoja na vidonge alivyouziwa bila ya kuonana na daktari.

Hatukucheka. Katika hadithi ya watu watatu wa Bani Israili, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mwenye upara aliulizwa na malaika akipendacho zaidi, akataja nywele nzuri, na akapewa. Hakulaumiwa kwa kuzitaka. Kilichomponza baadaye ni ubakhili wake. Mafakihi nao walilitambua umbo hili la kichwa zamani. Imamu Nawawi, katika Minhaj, alipobainisha mipaka ya uso katika udhu, sehemu mbili nyeupe zilizo kando ya nywele za mbele alizihesabu kuwa ni za kichwa, si za uso. Basi ambaye mapanja yake yamepanda halazimiki kuosha mpaka nywele zilipoishia. Kijana alishusha pumzi kusikia hayo, kwani kila udhu alikuwa akijitia wasiwasi.

Mama alikwisha toa hukumu yake: "Haya yatoka kwa kina babake." Ukweli ni kwamba homoni iitwayo dihaidrotestosteroni, itokanayo na homoni ya kiume, hudhoofisha mashina ya nywele kwa waliorithi wepesi huo, kila unywele unapoota upya huwa mwembamba na mfupi zaidi, hata ukakoma. Urithi huo hutoka pande zote mbili, na sehemu yake kubwa moja imo katika kromosomu ya X, ambayo mwanamume huipata kwa mamake peke yake. Mama akanyamaza, kisha akawakumbuka kaka zake wawili. Kofia, kwa upande wake, haina kosa lolote.

Hata hivyo, si kila nywele zinazopotea hupotea kwa njia hii. Mabaka ya mviringo, mapunye, magamba yanayowasha, au nywele kumwagika kwa wingi miezi michache baada ya homa kali, yote hayo yana sababu nyingine na tiba nyingine. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni daktari wa ngozi. Mafuta ya nazi na ya habasoda tunayapenda, nayo hulainisha nywele zilizopo. Tusiyabebeshe kazi ya kuzirudisha zilizokwisha kuondoka.

Dawa zinazotumiwa zaidi ni mbili. Minoksidili ilianza kuwa kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaota nywele, na mwaka 1988 ile ya kupaka ikaidhinishwa Marekani kwa ajili ya upara. Hupakwa kila siku, na matunda yake huonekana baada ya miezi minne hivi au zaidi. Wiki za mwanzo nywele zaweza kudondoka zaidi, na wengi hukata tamaa papo hapo. Husaidia zaidi utosini kuliko mbele, na mtu akiiacha, faida yake huondoka. Mama zetu wajue jambo moja: dawa hii ni sumu kwa paka. Katika nyumba zetu, ambapo paka hulala juu ya mito, hilo si dogo.

Ya pili ni finasteridi, nayo ndiyo iliyokuwa mfukoni mwa kijana. Ilianza kwa tezi dume mwaka 1992, na kidonge cha miligramu 1 kikaidhinishwa kwa nywele mwaka 1997. Huipunguza ile homoni, na kwa wengi huzuia upara usiendelee. Lakini baadhi ya watumiaji hupungukiwa na hamu na nguvu za kiume, na wengine huingiwa na huzuni nzito; mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara yake. Mjamzito asishike kidonge kilichovunjika, maana chaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Bwana harusi anayemeza dawa kama hii kwa siri, bila daktari na bila mchumba kujua, anaifanyia ndoa yake dhulma. Tulimwambia hivyo bila ya kuzunguka.

Akauliza kuhusu Istanbul, ambako wengi husafiri kupandikizwa nywele. Mashina hutolewa kisogoni kwa ganzi na kupandwa mbele, na matokeo kamili huchukua kama mwaka. Kisheria hili si kule kuunga nywele za mwingine kulikokatazwa, kwani ni nywele zake mwenyewe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu kupandikiza nywele zilizoanguka. Tatizo ni umri. Upara wa kijana bado unaendelea, na aliyepandikizwa mapema aweza kubaki na kisiwa cha nywele mbele huku nyuma yake ni uwanja mtupu.

Na ipo njia isiyo na gharama, kunyoa kichwa chote. Chote, si baadhi kwa baadhi, kwani hilo la pili Mtume (S.A.W.) alilikataza, ingawa vinyozi wetu wa leo wanaishi kwalo. Sayyidna Umar (R.A.) alijulikana kwa upara wake, na haukumpunguzia haiba.

Kijana alikwenda kwa daktari, vidonge akaviacha, akachagua ya kupaka. Mchumba alipoambiwa, alijibu kwamba mapanja hayo aliyaona tangu siku ya posa. Siku ya nikahi haikubadilishwa. Juzi mama alitupigia simu usiku kuuliza iwapo paka akilala kwenye kofia ya mtumiaji pia atadhurika. Tulimwambia kofia aitundike juu.