BIMA YA GARI NA NYUMBA: INALIPA NINI?

Mfanyabiashara wa Tarime anayevusha gari Sirari kuingia Kenya asome hati ya bima kwanza. Bima ndogo, iliyo ya lazima kisheria, hulipa madhara aliyopata mtu mwingine tu. Bima kubwa huongeza ajali, moto na wizi wa gari lenyewe. Kuvuka mpaka huhitaji kadi ya njano ya COMESA, mpango ambao Tanzania ilibaki nao baada ya kujitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo hailipi shehena.

Bima ya moto ya nyumba nayo kwa kawaida hailindi bidhaa za duka zisizoandikwa. Thamani ikiandikwa nusu, hasara nayo huenda ikalipwa nusu.