Saa pekee haitoshi kumjua farasi mwenye kasi

Farasi wawili wameshinda mbio za mita 1,200 katika uwanja wa Ngong, jijini Nairobi, kwa siku mbili tofauti. Wa kwanza alitumia sekunde 72.0, wa pili sekunde 73.4. Jumapili ijayo watakutana. Mtu asiyeufahamu mchezo huu ataweka dau lake kwa wa kwanza bila kusita, na huenda pesa zake zikaliwa.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini swali lililomo ndani yake limewaumiza vichwa wapenzi wa mbio za farasi kwa miaka mingi: je, muda aliotumia farasi jana waweza kutueleza lolote kuhusu kesho? Waweza, ila sharti kwanza usafishwe. Muda uliokwisha kusafishwa na kugeuzwa kuwa nambari moja ndio unaoitwa alama ya kasi.

Wakenya wanalijua tatizo hili kutokana na riadha. Mnamo Aprili 2011, Geoffrey Mutai alishinda mbio za Boston kwa saa 2:03:02. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia marathoni kwa muda mfupi kama huo. Hata hivyo, muda huo haukuidhinishwa kuwa rekodi ya dunia kwa sababu njia ya Boston huteremka kupita kiasi, na huanzia mahali pamoja na kuishia mbali sana na hapo, hivi kwamba upepo waweza kuwasukuma wakimbiaji mgongoni karibu safari nzima. Miezi mitano baadaye Patrick Makau alitumia saa 2:03:38 mjini Berlin, na rekodi ikawa yake.

Kwa farasi mambo ni magumu zaidi, maana barabara ya lami haibadiliki sana kati ya leo na kesho, ilhali uwanja wa nyasi au wa udongo hubadilika kila mvua inyeshapo na kila jua linapowaka. Nyasi zikilowa, kwato huzama. Udongo ukikauka na kushindiliwa, farasi wa kawaida huonekana kama risasi. Aidha, viwanja havilingani: kimoja kina kona kali, kingine kina mlima. Nchini Marekani saa yenyewe haianzi farasi wanapotoka langoni, bali wakiisha kukimbia mita kadhaa na kuvuka alama fulani. Umbali huo wa utangulizi hutofautiana kutoka uwanja mmoja hadi mwingine.

Gazeti la Daily Racing Form, ambalo ndilo msahafu wa wacheza kamari wa farasi nchini Marekani, lilijaribu zamani kulitatua jambo hili kwa njia rahisi. Rekodi ya uwanja ilipewa alama 100, na kila sehemu moja ya tano ya sekunde iliyopita hapo ikapunguza alama moja. Njia hiyo ilikuwa na dosari mbili. Kwanza, rekodi ya uwanja mmoja huenda iliwekwa na farasi bingwa, na ya uwanja mwingine na farasi asiyejulikana aliyebahatika kupata uwanja mkavu. Pili, sehemu ya tano ya sekunde si kitu kimoja katika mbio za sekunde 60 na katika mbio za sekunde 150.

Nchini Uingereza aliyelivalia njuga suala hili ni Phil Bull, mwana wa mchimba makaa ya mawe aliyesomea hisabati na kuwa mwalimu kabla ya kugeukia farasi. Alianza kwa kuuza hesabu zake za muda kwa wateja, na mnamo 1948 akaanzisha kampuni ya Timeform mjini Halifax. Alama za Timeform hazitegemei saa pekee. Huangalia pia uzito aliobebeshwa farasi na nani alimshinda nani. Kwa kipimo hicho, hakuna farasi wa mbio za bapa aliyewahi kuipita alama ya 147 aliyopewa Frankel, ambaye alistaafu mwaka wa 2012 bila kushindwa hata mara moja.

Marekani nayo ilimpata Andrew Beyer, mwandishi wa safu ya mbio za farasi katika gazeti la Washington Post. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1975, Picking Winners, alieleza hadharani jinsi ya kuutengeneza muda mbichi uwe alama ya kuaminika. Tangu 1992 alama zake zimekuwa zikichapishwa katika Daily Racing Form kando ya historia ya kila farasi.

Kiini cha njia yake si kigumu kama watu wanavyodhani. Turudi Ngong. Tuseme tumekusanya nyakati za misimu kadhaa, tukaona kwamba washindi wa daraja hilo la farasi huchukua kwa wastani sekunde 72.0 katika mita 1,200. Tuna wastani wa namna hiyo kwa kila umbali na kila daraja. Siku aliposhinda farasi wetu wa kwanza, uwanja ulikuwa mkavu, na tukizipitia mbio zote za siku hiyo tunakuta kuwa washindi walikuwa wepesi kuliko wastani wao kwa asilimia 1. Haielekei kwamba farasi wote waliamka siku hiyo wakiwa mabingwa. Uwanja ndio uliowabeba. Siku ya farasi wa pili mvua ilikuwa imenyesha, na washindi wote kwa jumla walichelewa kwa asilimia 2.

Sasa tunasahihisha. Wa kwanza tunamwongezea asilimia 1 ya wastani, yaani sekunde 0.72, na muda wake unakuwa sekunde 72.72. Wa pili tunampunguzia asilimia 2, yaani sekunde 1.44, na anabaki na sekunde 71.96. Aliyeonekana mzito ndiye mwepesi, tena kwa sekunde 0.76. Katika kasi ya mbio hizo farasi hukata takriban mita 16 na nusu kwa sekunde, hivyo pengo hilo ni kama mita 12 na nusu. Mwili wa farasi mmoja hukadiriwa kuwa mita 2.4, kwa hiyo tunazungumzia miili mitano. Huo si ushindi wa pua.

Hatua ya mwisho ni kuigeuza tofauti hiyo kuwa alama. Beyer alifikiri kwa asilimia badala ya sekunde: asilimia 1 ya muda ihesabiwe kuwa alama 10. Kwa hivyo farasi wetu wanatengana kwa alama 10 au 11. Faida ya asilimia ni kwamba farasi wa mita 1,200 anaweza kupimwa kwa mizani moja na wa mita 2,400. Walioshindwa nao hawaachwi nje. Alama zao hupatikana kwa kuhesabu walikuwa nyuma ya mshindi kwa miili mingapi.

Katika kipimo cha Beyer, alama 100 ni ya farasi mzuri sana, na alama inayokaribia 130 haionekani hata mara moja kwa miaka mingi. Ghostzapper alipewa 128 mwaka wa 2004 katika uwanja wa Monmouth. Flightline aliposhinda Pacific Classic kwa zaidi ya miili 19 mwaka wa 2022 alipata 126. Naye Secretariat, aliyeshinda Belmont Stakes ya 1973 kwa miili 31 na kutumia dakika 2:24 kwa maili moja na nusu, alikadiriwa na Beyer baadaye kuwa alifikia 139.

Secretariat huyo huyo anatukumbusha kwamba hata saa huweza kudanganya. Majuma matatu kabla ya Belmont alishinda Preakness Stakes, na mtambo wa kupimia muda ukaonyesha dakika 1:55. Watu waliokuwa na saa za mkononi walipinga vikali. Muda rasmi ulirekebishwa ukawa 1:54 na sehemu mbili za tano, lakini ubishi haukwisha. Ilichukua hadi 2012, farasi mwenyewe akiwa amekufa tangu 1989, kwa tume ya Maryland kuitazama upya picha ya video na kuamua kuwa alitumia 1:53. Alama yoyote iliyokokotolewa kutokana na ule muda wa kwanza ilikuwa upuuzi mtupu.

Kuna kasoro nyingine ambazo hesabu haiziondoi kwa urahisi. Mojawapo ni mwendo wa mbio zenyewe. Mashabiki wa riadha wanakumbuka fainali ya mita 1,500 ya Olimpiki ya Rio mwaka wa 2016, ambapo wanariadha walijivuta mizunguko ya mwanzo wakitegeana, na mshindi akamaliza kwa dakika 3:50.00. Wiki chache baadaye, wakimbiaji wanne wa Paralimpiki wenye ulemavu wa kuona walitumia muda mfupi zaidi ya huo katika mji huo huo. Farasi nao hutegeana. Mbio zikianza kwa mwendo wa kinyonga, bingwa hupata alama ya chini isiyomstahili.

Nyingine ni njia anayopita farasi konani. Anayekimbia mita 3 nje ya mwenzake katika nusu duara nzima hukimbia zaidi ya mita 9 za ziada, karibu miili minne, na alama ya Beyer haimhesabii. Mmarekani mwingine, Len Ragozin, alijumuisha ardhi hiyo iliyopotea pamoja na uzito wa mzigo katika karatasi alizowauzia wateja wake kwa bei ya juu. Kwake yeye alama ndogo ndiyo bora, jambo ambalo limewachanganya wengi waliozoea kipimo cha Beyer.

Je, alama hizi zinaleta pesa? Kabla ya kuchapishwa gazetini ziliwapa faida wachache waliokuwa tayari kukesha wakipiga hesabu. Zilipowafikia wote, malipo ya farasi mwenye alama kubwa yalishuka, kwa kuwa kila mtu alimkimbilia. Katika kamari ya farasi unashindana na wacheza kamari wenzako, si na farasi, na mwenye mashindano nchini Marekani hukata kwanza kiasi ambacho mara nyingi ni kati ya asilimia 15 na 25 ya dau zote. Anayetazamia kujenga nyumba kwa nambari iliyo mikononi mwa kila mtu anajidanganya. Alama humfaa zaidi anayetaka kununua farasi, au anayetaka kujua kwa nini aliyeshinda jana hatashinda leo.

Kwa anayetaka kujaribu hapa nyumbani, uwanja wa Ngong umekuwa ukiandaa mbio tangu 1954, na daftari, kalamu na nyakati za washindi vinatosha kuanzia. Shida ni uchache. Siku moja ya mbio hutoa nyakati chache tu, na ikiwa mbili kati yake zilikimbiwa kwa kutegeana, kipimo cha uwanja wa siku hiyo kitapinda. Kwa masafa yanayokimbiwa mara kwa mara, msimu mmoja au miwili huweza kutoa wastani wa kuaminika. Kwa mita 2,400 za Kenya Derby itabidi kungoja zaidi.