Goti Linapouma Kwenye Ngazi za Baba Dogo

Mkimbiaji wa Baba Dogo hugundua ubovu wa goti lake kwenye ngazi kabla ya kuugundua barabarani. Mtaa huu wa Nairobi, wa viwanda na wapangaji, umejaa majumba ya ghorofa yasiyo na lifti. Mtu hutoka alfajiri, akakimbia hadi Kasarani na kurudi salama, kisha akishuka kutoka ghorofa ya nne kwenda kazini anasikia goti linachoma. Jioni matatu inakwama kwenye Barabara ya Outer Ring. Akiinuka kitini, goti limekaza.

Dalili hizo mbili, kushuka ngazi na kuketi muda mrefu, ni alama za maumivu ya goti yanayowasumbua sana wakimbiaji: yale yanayozunguka pia ya goti. Pia hiyo ni mfupa mdogo unaoteleza kwenye mfereji wa mfupa wa paja kila mguu unapokunjwa. Mbio huikandamiza kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Goti huuzoea mzigo huo ukiongezwa polepole. Aliyekimbia kilomita 5 wiki jana, wiki hii akajitupa kwenye 15, analidai goti kazi ambayo halijajiandaa kuifanya.

Wengi hulaumu raba za mitumba. Soli iliyokwisha haifai, ni kweli, lakini mara nyingi kisa ni ratiba yenye pupa pamoja na misuli dhaifu ya mapaja na nyonga.

Hata mabingwa hawasazwi. Samuel Wanjiru, aliyeshinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki Beijing mwaka 2008, aliacha mbio za London Aprili 2010 kwa sababu ya goti. Oktoba mwaka huohuo alishinda Chicago kwa saa 2:06:24. Novemba ikawa zamu ya Mwethiopia Haile Gebrselassie: goti lilimtoa New York, akatangaza kustaafu papo hapo, kisha akabadili nia. Kukubali kusimama siku goti linapogoma si aibu.

Hata hivyo, kusimama kabisa kwa miezi hakuponyi, maana misuli huzidi kulegea. Dawa iliyothibitika zaidi ni mazoezi: kuchuchumaa nusu, kupanda na kushuka kidato kimoja taratibu, kulala ubavu na kuinua mguu wa juu. Hufanywa mara tatu kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 12. Ngazi zilezile zinazouma, goti likishatulia, huwa jimu isiyo na ada. Mbio zipunguzwe hadi kiasi ambacho maumivu ni madogo na kesho yake asubuhi yametoweka. Hatua fupi nazo husaidia: kuongeza idadi ya hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10 hulipunguzia goti mzigo. Kumeza vidonge vya maumivu ili kukimbia ni kuzima king'ora huku moto ukiwaka.

Je, mbio huharibu magoti? Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta baridi yabisi ya goti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujifurahisha, na asilimia 10.2 ya wasiokimbia.

Lakini goti lililojipinda na kuvimba saa hiyohiyo, linalokwama, linalolegea ghafla au lisilobeba uzito ni jambo jingine. Mwenye goti hilo asikubali likandwe wala kuvutwa uwanjani. Aende hospitalini siku hiyohiyo.