VUMBI LA KAZI LISIINGIE KATIKA BESENI LA MTOTO



Wengine mtauliza: chama cha wafanyakazi na beseni la mtoto vinahusiana nini? Chama si kinasemea mishahara, likizo na masaa ya kazi? Jibu letu ni fupi. Mshahara tunautafuta kwa ajili ya nyumba, na katika nyumba aliye dhaifu kuliko wote ni mtoto mchanga. Tena kazi yetu haiishii kwenye geti la kiwanda. Inatufuata mpaka nyumbani, imeganda katika nguo, nywele na mikono.

Tukipita Nyakabiga saa kumi na mbili jioni kuonana na wanachama, uani mambo ni yale yale. Mbabura inawaka, maji yanapashwa moto, beseni liko chini, watoto wanaogeshwa kabla giza halijaingia. Baba katoka kazini, mama katoka kazini, wote wamechoka. Mtoto anamrukia baba yake hata kabla baba hajavua ovaroli. Hapo ndipo hatari ilipo.

VUMBI LINALOTUFUATA

Mwaka 1965 huko London, watafiti wawili, Newhouse na Thompson, walichapisha uchunguzi wao juu ya saratani inayoletwa na asbesto. Walikuta kwamba waliougua hawakuwa wafanyakazi wa asbesto peke yao. Walikuwemo pia watu walioishi nao nyumba moja. Vumbi lilikuwa limewafikia nyumbani kwa njia ya nguo za kazi.

Somo hilo linatuhusu sisi sote, hata tusioshika asbesto. Anayepiga dawa ya wadudu kwenye pamba ya Imbo, anayetengeneza betri zenye risasi, anayepaka rangi, anayebeba saruji: kila mmoja anarudi na kitu mwilini. Mtoto hulalia bega la mzazi, hunyonya ukosi wa shati, hutia vidole mdomoni. Mwili wake ni mdogo, na kiasi ambacho mtu mzima hakioni kuwa kitu kinaweza kumdhuru yeye.

Kwa hiyo ndugu, utaratibu uwe huu. Vua nguo za kazi kazini, na kama haiwezekani, zivue nje kabla ya kuingia ndani. Oga, au angalau nawa uso na mikono mpaka kwenye viwiko kwa sabuni. Ndipo umpokee mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi, wala zisitiwe katika beseni la mtoto. Na kopo lililokuwa na dawa ya shamba lisifanywe chombo cha maji kamwe, hata likioshwa mara kumi.

MAJI YENYEWE

Mji wetu uko kando ya Ziwa Tanganyika, lakini maji ya ziwani au mtoni, kama yalivyo, si ya kumwogeshea mtoto. Mtoto akioga humeza maji. Tarehe 1 Januari 2023 wizara ya afya ilitangaza kwamba kipindupindu kimeingia nchini, na Bujumbura iliguswa. Robine ikikauka na bidoni likatoka mahali tusipopajua, tuyachemshe maji hayo, kisha tuyaache yapoe.

Mwenye kununua maji asikate tamaa. Mtoto mchanga hana lazima ya kuogeshwa mwili mzima kila siku. Mara mbili au tatu kwa juma zinamtosha. Siku nyingine apanguswe uso, shingo na mikono, na makalio yake yaoshwe kila anapojichafua. Anayetambaa na kucheza mavumbini ndiye wa kuogeshwa kila jioni. Katika bidoni la lita 20, lita tano zinatosha kumwogesha mdogo. Wakiwa wawili, aanze mdogo, na mwenye kuhara au upele awe na maji yake.

Kwa mtoto aliyezaliwa sasa hivi, Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe kabla ya masaa 24, maana anapoteza joto upesi. Kitovu kiachwe kikavu na safi. Tusikipake majivu, samadi wala udongo. Mpaka kitakapoanguka, apanguswe tu kwa kitambaa kilicholowa.

NAMNA YA KUOGESHA

Tayarisha kila kitu kwanza: kitambaa, sabuni, taulo na nguo safi. Mimina maji baridi kwanza, halafu ongeza ya moto, yasizidi vidole vinne kwenda juu. Pima kwa kiwiko, maana kiganja cha mfanyakazi kimekomaa na hakisikii moto upesi. Mbabura na sufuria vikae mbali.

Anza na macho, kwa maji matupu, kutoka puani kwenda nje, na kila jicho upande wake wa kitambaa. Kisha uso, nyuma ya masikio, shingo, kwapa na mapaja, kote ngozi inapojikunja. Ndani ya masikio na pua usiingize kijiti. Mtoto wa kike asafishwe kutoka mbele kwenda nyuma. Wa kiume ambaye hajatahiriwa, ngozi isivutwe kwa nguvu. Sabuni iwe kidogo, na ile ya unga ya kufulia tusiitumie. Mwishoni mkaushe vizuri kwenye mikunjo, ndiko upele unakoanzia.

Na jambo kubwa kuliko yote: usimwache peke yake hata kidogo. Mtoto anaweza kuzama katika maji machache, tena bila kelele. Jirani akiita, mtoe mtoto majini kwanza, mfunge taulo, ondoka naye. Yaya aelezwe hayo. Dada mwenye umri wa miaka minane asiachiwe mdogo wake majini.

KAZI YA NANI?

Tunasikia wanaume wakisema kuogesha ni kazi ya mama. Mama huyo naye amesimama kutwa kwenye mashine au amechuma chai mlimani. Wenye zamu wawili, nyumbani pia kuwe na zamu.

Lakini tusijilaumu sisi wenyewe tu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Basi maji, sabuni, mahali pa kunawia na pa kubadilishia nguo, hayo tunayadai kwa mwajiri kama tunavyodai glavu na viatu. Na tukumbuke kwamba Mei 1, 2006, Siku ya Wafanyakazi, serikali ya Burundi ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto akihara au akipata upele, apelekwe kituo cha afya mapema.

Katika mkutano ujao wa tawi, kila mjumbe aje na majibu matatu: kazini kwenu kuna robine ngapi, kuna sabuni, na kuna mahali pa kuachia nguo chafu? Tukiyakusanya majibu hayo, tutakuwa na la kusema mbele ya mwajiri.