Dawa ya Upara Inayolenga Mzizi wa Unywele

Kailo, Kindu na kwingineko katika jimbo la Maniema, Kongo, mwanaume ambaye nywele zimeanza kumtoka utosini huzinyoa zote, na mwanamke hufunga kitambaa. Wapo pia wanaonunua pomadi isiyo na maandishi na kuipaka kwa miezi bila kujua nywele zinatoka kwa nini. Kumbe sababu ndiyo inayoamua dawa.

Upara wa kurithi unatokana na homoni. Mwilini kuna kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi, DHT. Kwa mtu aliyerithi upara, DHT husinyaza kifuko kilichoshika mzizi wa unywele. Unywele huota kwa muda mfupi zaidi kila mara, ukazidi kuwa mwembamba, hadi usionekane. Mwaka 1942 mtafiti Mmarekani, James Hamilton, alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara. Walipopewa testosteroni, wale ambao ukoo wao una upara walianza kupoteza nywele.

Kidonge cha finasteridi, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa upara wa wanaume, huzuia kimeng'enya hicho. Lakini kidonge huzunguka na damu mwili mzima. Baadhi ya wanaume hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa, na mwanamke mjamzito hatakiwi kugusa kidonge kilichovunjika, maana dawa inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Ndiyo maana watafiti wanataka dawa ifike kwenye mzizi na kuishia hapo.

Njia hiyo ilifunguliwa na minoksidili. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele hata mahali zisipotakiwa, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha maji yake ya kupaka kichwani. Kwa wastani, asilimia 1.4 tu ya dawa inayopakwa huingia kwenye damu. Mtumiaji huhitaji miezi kadhaa kuona matokeo, na akiacha, nywele zilizopatikana hutoka tena.

Finasteridi nayo sasa hupulizwa kichwani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2022, kidonge kilishusha DHT ya damu kwa asilimia 55.6, ya kupuliza kwa 34.5, na kwa waliopuliza kiwango cha juu cha dawa yenyewe katika damu kilikuwa pungufu zaidi ya mara 100 kuliko kwa waliomeza kidonge. Huko Berlin, mtafiti Jürgen Lademann na wenzake waligundua kwamba chembe za nanomita 320, zikipakwa na kusuguliwa, huzama ndani ya kifuko cha unywele na kukaa hadi siku 10. Hivyo kifuko kinaweza kugeuka ghala la dawa.

Hata hivyo, si kila upara ni wa homoni. Misuko inayobana huvuta nywele na kuacha paji wazi. Mapunye ya watoto ni kuvu, na hutaka dawa ya kumeza. Minoksidili haitibu mapunye.

Wataalamu wa ngozi wapo katika kanda yetu: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, kinafundisha wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika.

Basi kabla ya kununua kopo lolote, onyesha kichwa chako kwa mganga wa kituo cha afya, uulize kwanza nywele zinatoka kwa nini. Kopo lisiloandikwa dawa iliyomo, liache sokoni.