Je, ipo sindano ya kuzuia meno kuoza?



Kina mama kadhaa hapa Uingereza wameniuliza swali hilo. Nawaelewa, maana mtoto akishang'olewa meno manne kwa siku moja, mzazi hutafuta lolote.

Meno huozeshwa na asidi. Bakteria aitwaye Streptococcus mutans, aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 1924 hapa hapa Uingereza, hula sukari na kutoa asidi inayomomonyoa jino. Mtoto hazaliwi naye. Mara nyingi humpata kwenye mate ya mama au yaya, kwa kijiko cha pamoja au chakula alichotafuniwa.

Mwili hujilinda kwa kingamwili, na kila kingamwili humtambua adui wake. Maabara zinaweza kuzalisha kingamwili za aina moja tupu, zinazomshika bakteria huyu peke yake. Kuna kipimo cha mate kinachozitumia: mate yanadondoshwa kwenye kipimo kinachofanana na kile cha mimba, na baada ya dakika 15 mstari unaonyesha kama bakteria ni wengi. Kipimo hicho hakioni tundu wala hakitibu. Kinakuambia hatari tu.

Kwenye tiba ndipo penye ugumu. Mwaka 1998 watafiti wa Hospitali ya Guy's, London, walichapisha habari za kingamwili zilizooteshwa ndani ya mmea wa tumbaku (ndiyo, tumbaku!). Waliwapaka watu menoni baada ya kuwasafisha bakteria kwa dawa, na bakteria hawakurudi kwa miezi minne au zaidi. Lakini jaribio jingine, la Marekani, lililochapishwa mwaka 2005, halikuona tofauti ya maana. Mpaka leo hakuna daktari wa meno wa kukuandikia dawa hiyo, wala sindano. Ukiuziwa mtandaoni, usitoe hela yako.

Kilichopo ni floraidi. Najua wenzetu wa Arusha wanaiogopa, kwa sababu maji ya kule yana nyingi mno na hutia meno rangi ya kahawia. Dawa ya mswaki kiasi cha punje ya njegere, kwa mtoto wa miaka 3 na zaidi, si kiasi hicho. Ateme, asisukutue kwa maji. Na chupa ya juisi asilale nayo.

Watoto chini ya miaka 18 hawalipii matibabu ya meno ya NHS, wala mjamzito, wala mama hadi mwaka mmoja baada ya kujifungua. Mpeleke hata kama haumwi, na uombe apakwe vanishi ya floraidi.